Iringa, Mji Juu ya Ruaha Mdogo

Msafiri atokaye Dar es Salaam, akishapanda Kitonga na kuvuka Ilula, huuona mji wa Iringa kabla hajaufikia. Barabara kuu huteremka bondeni Ipogolo, mahali unapopita Mto Ruaha Mdogo, nao mji umekaa juu ya genge, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ukitazama chini kama mzee aliyeketi barazani kwake. Asiyekata kona na kupanda hupita na kwenda zake Mbeya bila kujua amepita nini.

Desturi ya majarida ya namna hii ni kusimulia historia ya hekalu: nani aliweka jiwe la msingi, nani aliongoza kamati mwaka gani, nani alichangia mabati. Hayo yana mahali pake katika kurasa nyingine. Sisi tumeona tuandike juu ya mji wenyewe, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba jarida hili husomwa pia na majirani zetu, ambao husikia kengele ya mandir kila siku na huja na watoto wao kutazama taa na fataki za Diwali. Ya pili ni kwamba vijana wetu wenyewe, wengi wao wakiwa wamezaliwa katika hospitali za mji huu, wanaijua historia ya Ayodhya kuliko ya Kalenga. Ayodhya ni mbali. Kalenga ni mwendo wa nusu saa kwa gari.

Tuanze na jina. Iringa ni namna wageni walivyolitamka neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Ngome hiyo haikuwa hapa juu. Ilikuwa Kalenga, upande wa magharibi, kwenye ukingo wa mto huu huu, na ilikuwa makao makuu ya Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba wa ukoo wa Muyinga, ambaye dunia inamfahamu kwa jina la Mkwawa. Kwa hiyo mji wetu umebeba jina la mahali pengine, palipobomolewa kabla wa kwetu haujajengwa. Mkazi wa Iringa asiyelijua jambo hili hajaanza kuujua mji wake.

Watu waliishi katika bonde hili tangu zamani zisizohesabika. Huko Isimila, kilomita zipatazo ishirini kutoka mjini katika barabara ya Mbeya, mwaka 1951 ziligunduliwa zana za mawe katika korongo kavu: mashoka ya mkono na visu vya mawe vilivyochongwa na binadamu wa Enzi ya Mawe ya Kale, mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, palipokuwa na ziwa dogo au kinamasi. Wataalamu walipachimba kwa utaratibu mwaka 1957 na 1958. Leo wageni huenda zaidi kuzipiga picha nguzo ndefu za udongo mgumu zilizochongwa na mvua, wakayaruka yale mawe madogo yaliyo miguuni mwao. Mawe ndiyo yenye habari.

Dola ya Wahehe ilijengwa na Munyigumba katikati ya karne ya kumi na tisa, kwa kuunganisha koo nyingi zilizokuwa kila moja na mtemi wake. Alipofariki, yapata mwaka 1879, palitokea ugomvi wa kurithi kiti, na Mkwawa akaushinda. Katika miaka ya 1880 alipanua utawala wake hadi kwenye njia ya misafara ya kati, na hapo ndipo alipokutana na Wajerumani, ambao nao walikuwa wakiitaka njia hiyo hiyo.

Mwaka 1891 serikali ya Kijerumani ilimtuma kamanda Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo, aende kuwaadhibu Wahehe. Alitembea na kikosi chake katika mstari mrefu, akichoma vijiji njiani. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti, mahali paitwapo Lugalo, mashariki mwa mji wa leo, Wahehe walikuwa wamelala katika majani na nyuma ya mawe. Ishara ilipotolewa walitokea kwa wingi na mikuki mikononi, na wenye bunduki hawakupata nafasi ya kuzijaza. Mapigano makali yalikwisha kwa dakika chache. Zelewski aliuawa pamoja na Wajerumani wengine tisa hivi, askari zaidi ya mia mbili na wapagazi wengi. Bunduki na mizinga ya kikosi ikaangukia mikononi mwa Mkwawa. Mnara waliousimamisha Wajerumani kuwakumbuka watu wao ungalipo Lugalo, karibu na barabara kuu, na kila basi litokalo Dar es Salaam hupita mbele yake. Wahehe nao walipoteza watu wengi siku ile, na kwa muda mrefu mnara haukusema lolote juu yao.

Mkwawa alijua watarudi. Aliiimarisha Kalenga kwa ukuta wa mawe na udongo uliozunguka makao yake, wenye kimo cha kumzidi mtu mrefu mara mbili. Lakini ukuta uliojengwa kuzuia mikuki na risasi haukujengwa kuzuia mizinga. Tarehe 30 Oktoba 1894, Gavana Friedrich von Schele aliishambulia na kuiteka. Wazee wa Tosamaganga husimulia kwamba jina la kilima chao, kwa maana ya kutupa mawe, lilitokana na siku zile, mabomu yaliporushwa toka huko yakaanguka Kalenga. Mkwawa mwenyewe alitoroka, na kwa karibu miaka minne akawasumbua kutoka porini, akilishwa na kufichwa na watu wake.

Hapa ndipo mji wetu unapoingia. Mwaka 1896 Kapteni Tom von Prince, aliyejulikana kwa jina la Bwana Sakarani, alipewa kazi ya kuimaliza nchi ya Uhehe. Hakukaa Kalenga. Alichagua genge hili la juu, ambapo mlinzi mmoja aweza kuliona bonde lote la mto na moshi wa kila kijiji, akajenga boma. Wajerumani wakaliita Iringa Mpya, na Kalenga ikabaki kuitwa Iringa ya Kale. Tunapouonyesha mji kwa wageni huwa tunasifu mandhari yake, jinsi jua linavyozama upande wa mto. Mandhari hiyo ilichaguliwa kwa ajili ya bunduki.

Na sisi je? Swali hili haliulizwi katika hotuba za maadhimisho, lakini limekuwa likiulizwa mitaani, mara nyingine kwa utani na mara nyingine bila utani wowote: Wahindi mlikuja lini, na mlikuja na nani? Jibu la kweli ni kwamba wa kwanza wetu walikuja nyuma ya askari. Palipojengwa boma palihitajika soko, maana askari alilipwa mshahara kwa rupia na alitaka kitambaa, chumvi, sukari, kiberiti na mafuta. Waswahili wa pwani, Waarabu, Wahindi na hata Wagiriki wakaja kumuuzia. Biashara ya misafara ya bara ilikuwa imekwisha kupangwa na matajiri wa Bagamoyo, akiwamo Sewa Haji Paroo, Khoja aliyekodisha wapagazi kwa maelfu. Vijana waliotoka Kutch, Kathiawar na Gujarat, ambao wengi wao hawakuwa na mtaji zaidi ya jina la mjomba aliyetangulia, walichukua mali kwa mkopo pwani na kutembea majuma kadhaa kuja kufungua duka la bati na miti chini ya boma.

Rupia ile ilikuwa na sura ya Kaisari Wilhelm. Tunaitaja kwa sababu mwaka 1898 serikali ilitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Hatusemi kwamba mababu zetu walikuwa na neno katika jambo hilo. Tunasema tu kwamba fedha ya zawadi na fedha ya duka ilikuwa moja. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amebaki na mfuasi au wawili na askari wakiwa wamemkaribia, Mkwawa alijipiga risasi huko Mlambalasi, magharibi mwa Iringa. Kichwa chake kilikatwa, kikaletwa hapa mjini kwa Prince, kisha kikapelekwa Ujerumani. Kiwiliwili kilizikwa Mlambalasi na kaburi lake lipo mpaka leo, pamoja na mnara wa kumbukumbu.

Atakaye kuijua Iringa kwa miguu na aanzie Boma. Ni jengo la Kijerumani la kuta nene za mawe, lililotumiwa na serikali kwa vizazi vitatu: Mjerumani, Mwingereza, kisha Mtanzania. Tangu mwaka 2016 ni makumbusho ya mkoa, kazi iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Iringa kupitia mradi wake wa Fahari Yetu. Ndani yake historia ya Uhehe inasimuliwa na watu wa Iringa wenyewe, na ni vyema jengo lililojengwa kuwatawala litumike kwa kazi hiyo. Hatuna lawama juu yake ila moja: habari za jamii ndogo za mjini, sisi tukiwamo, ni chache mno. Lawama hiyo inaturudia, kama tutakavyoeleza.

Kutoka Boma si mbali kufika kwenye mnara wa waliokufa katika Vita vya Majimaji, vya 1905 hadi 1907. Wahehe kwa jumla hawakujiunga na vita ile. Walikuwa bado wanauguza majeraha yao, na Kapteni Ernst Nigmann, mkuu wa kituo cha Iringa, alitoka hapa kwenda kuikomboa ngome ya Mahenge. Nigmann huyo huyo alikuja kuandika kitabu juu ya Wahehe, kilichochapishwa 1908, ambacho wanahistoria wangali wanakitumia. Mtu aliyewapiga ndiye aliyewaandika. Mambo haya yametokea sehemu nyingi za dunia.

Upande mwingine uko mtaa wa Kitanzini, na jina lenyewe linajieleza. Wazee husema Wajerumani waliwanyongea watu hapo. Tunajua kwamba hata Mpangile, ndugu yake Mkwawa, ambaye Prince alimsimika kuwa mtemi akidhani atamtumia, alinyongwa mwaka 1897 baada ya majuma machache tu ya utawala, kwa tuhuma za kumsaidia kaka yake kwa siri. Siku hizi Kitanzini ni mahali pa maduka na vyakula, na mtu akikwambia tukutane Kitanzini hufikirii kamba.

Soko kuu liko katikati ya hayo yote, na ndilo tunalolipenda kuliko majengo yote ya mji, tukiliacha hekalu letu. Humo utapata nyanya na vitunguu vya Ilula, viazi na njegere za vijiji vya juu, ulanzi nyakati za mvua kwa wanaojua pa kuulizia, na vikapu vya Iringa vilivyosukwa na akina mama kwa milulu, majani yaotayo penye majimaji. Vikapu hivyo sasa vinauzwa Ulaya na Marekani kwa bei ambayo msukaji angeisikia angecheka. Kuzunguka soko ndipo ulipokuwa mtaa wa maduka ya Kihindi: chini duka, nyuma au juu makazi, mbele baraza yenye nguzo ambapo fundi cherehani aliketi kushona nguo za wateja. Baadhi ya majengo yana mwaka uliochorwa kwenye paji la uso wake. Humo ulisikika Kigujarati, Kikutchi, Kipunjabi, Kihehe na Kibena, na Kiswahili kikiviunganisha vyote. Maneno kama pesa, gari, laki, gunia na hundi yalikwisha kuingia katika Kiswahili kutoka kwetu, kiasi kwamba hakuna anayeyaona kuwa ni ya kigeni.

Hapa panahitaji maelezo kwa majirani. Mjini watu wametuita sote Wahindi, na kwa macho ya nje ni haki. Lakini Wahindi wa Iringa walikuwa jamii kadhaa: Waismailia, ambao jamatkhana yao yenye saa ni alama inayojulikana na kila mtu, kiasi kwamba vizazi vya wanafunzi wameitazama saa hiyo kujua kama wamechelewa, Mabohora na Waithnaasheri, Makalasinga, wengi wao mafundi wa magari, seremala na waashi, na sisi Wahindu, ambao Waswahili walitupa jina la Mabanyani. Tulioana kila jamii peke yake, tukaabudu kila jamii peke yake, lakini tulizikana na tulikopeshana. Msikiti, makanisa, jamatkhana na mandir viko mwendo wa miguu kutoka kimoja hadi kingine. Pana na kanisa la Waorthodoksi la Wagiriki, waliokuja kulima tumbaku. Na yapo makaburi ya vita, ambapo wanajeshi wa upande wa Uingereza na Wajerumani wamelazwa katika uwanja mmoja uliotunzwa vizuri. Waingereza waliuchukua mji mwishoni mwa Agosti 1916.

Enzi ya Mwingereza mji ulilishwa na Dodoma. Reli ya kati ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910, na kila kitu, tangu pipa la mafuta hadi sanamu ya Krishna iliyofungwa kwa majani makavu, kilishushwa stesheni na kupakiwa kwenye lori kuelekea kusini kwa njia ya Mtera. Masika yakizidi, njia ilikatika na bei ikapanda. Biashara ya usafirishaji ilishikwa kwa sehemu kubwa na Wahindi, na magari hayo ndiyo yaliyotuunganisha na ndugu zetu wa Mbeya.

Mbeya ni mji mdogo kwa umri kuliko Iringa. Haukuzaliwa na vita. Ulizaliwa na dhahabu. Mbio za dhahabu za Lupa, upande wa Chunya, zilishika kasi miaka ya 1920 na 1930, na mji ukakua chini ya Loleza kwa ajili ya kuwahudumia wachimbaji. Makao ya serikali ambayo Wajerumani waliyaweka kwanza Langenburg, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, kisha yakahamishiwa Tukuyu, hatimaye yakahamia Mbeya. Kwa hiyo Nyanda za Juu Kusini zilikuwa na mji wa pwani ya ziwa kabla ya miji hii yetu ya milimani, nao ukaachwa kwa sababu ya homa na umbali. Wahindu wa Mbeya wana historia yao na tunawaachia waiandike. Tunachojua ni kwamba harusi nyingi za Iringa zilipata bwana harusi au bibi harusi kutoka Mbeya, kwa safari ya zaidi ya kilomita 300 za vumbi.

Wakati wa vita vya pili walikuja pia Wapolandi, wakimbizi waliokuwa wamepita Urusi na Uajemi, wakawekwa katika kambi ya Ifunda. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Baada ya vita waliondoka, na kilichobaki ni makaburi.

Tarehe 19 Juni 1954 ni siku ambayo Iringa haiwezi kuisahau. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka thelathini na mitano. Gavana Edward Twining alilitafuta mwenyewe katika makumbusho ya Bremen, akalichagua miongoni mwa mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo na vya ukoo, na kwa alama ya risasi. Akalileta Kalenga mbele ya umati mkubwa na kumkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu. Wapo wataalamu wanaouliza kama fuvu lile ndilo. Wahehe walilipokea, na kwetu sisi hilo latosha, maana tunajua katika dini yetu kwamba kitu huwa kitakatifu kwa namna kinavyopokewa. Fuvu limo katika jumba dogo la makumbusho Kalenga. Chifu Adam Sapi akaja kuwa Spika wa Bunge la nchi huru kwa miaka mingi.

Uhuru ulipokuja, mji ulikuwa na utajiri wa mahindi. Isimani, kaskazini, ililisha sehemu kubwa ya nchi, na wakulima wake matajiri walikuwa wateja wa maduka yetu. Kisha Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake mnamo Novemba 1965, Zambia ilifungiwa njia ya kusini, na barabara yetu ya vumbi ikawa koo la nchi nzima: malori ya mafuta na shaba usiku na mchana, ajali kila juma Kitonga. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika 1968, barabara ya lami ikafuata, na TAZARA ikamalizika 1975. Reli haikupita Iringa. Ilipita Makambako na kuelekea Mbeya. Barabara nayo ilipita chini, Ipogolo. Watu wa mji waliona wamepitwa, na kwa miaka mingi walikuwa sahihi, ila ndiyo sababu mji wa juu ulibaki na sura yake ya zamani wakati miji mingine ilikwisha kubomolewa.

Mwaka 1971 ulikuwa mgumu kwa kila mtu. Mwezi Aprili ilipitishwa sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Familia nyingi za kwetu, zilizokuwa zimeweka akiba ya vizazi viwili katika matofali, ziliamka zikiwa wapangaji katika nyumba walizozijenga. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo, Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi Isimani na mkulima Saidi Mwamwindi, katika ugomvi wa mashamba wakati wa vijiji vya ujamaa. Mwamwindi aliupeleka mwili mwenyewe polisi Iringa, alihukumiwa akanyongwa. Chuo cha ualimu cha mjini kina jina la Klerruu. Habari hizi mbili hazisimuliwi pamoja, lakini waliokuwa hapa wanazikumbuka pamoja, kwa sababu zote zilihusu swali moja: mali ya jasho ni ya nani? Hatudai kwamba jibu lilikuwa rahisi. Wapo waliopangishwa na Wahindi kwa masharti magumu, na wapo Wahindi waliokuwa na nyumba moja tu. Mwaka uliofuata Idi Amin akawafukuza Waasia wa Uganda, na hofu ikafanya kazi ambayo sheria haikuifanya. Wengi wakaenda Leicester, London, Toronto, na wengine Dar es Salaam. Saa za puja katika hekalu zilibaki zile zile, bali viatu mlangoni vilipungua.

Wachache walibaki. Jarida hili ni kazi ya waliobaki na ya waliokuja baadaye, kutoka India na kutoka mikoa mingine.

Leo manispaa ina watu zaidi ya laki mbili kwa sensa ya 2022, na vyuo vikuu vimeleta vijana na vyumba vya kupanga hadi Kihesa na kwingineko. Maji ya bomba tunayokunywa hutoka Ruaha Mdogo, mto uleule ulioizunguka Kalenga. Kutoka hapa unashuka kujiunga na Ruaha Mkuu, unaingia bwawa la Mtera, unazungusha mitambo ya umeme, kisha kwa njia ya Rufiji unamwagika katika Bahari ya Hindi, ile waliyoivuka mababu zetu kwa jahazi. Kwa desturi yetu, maji yatiririkayo hadi baharini ndiyo yapokeayo majivu ya wafu. Anayetupa takataka Ipogolo ajue anazitupa wapi. Jiwe la Gangilonga, jiwe liongealo kwa Kihehe, ambapo yasemekana Mkwawa aliketi kufikiri, nalo limeandikwa majina kwa rangi na wapenzi wa kila mwaka. Kutoka juu yake mji wote unaonekana, na mwenye macho anaweza kuhesabu mabati mapya ya ghorofa yanayoota kati ya mapaa mekundu ya zamani.

Hapo ndipo penye wasiwasi wetu. Mtaa wa maduka wa zamani unakwenda nyumba moja baada ya nyingine. Mwenye nyumba ana haki ya kujenga ghorofa, na sisi hatuwezi kumwambia mtu abaki na paa linalovuja kwa ajili ya kumbukumbu. Lakini Boma limepona kwa sababu lilikuwa la serikali, na Kalenga imepona kwa sababu Wahehe waliidai. Maduka hayana wa kuyadai, kwani waliojenga waliondoka na wanaokaa hawakuambiwa. Picha hupigwa ya jamatkhana na ya soko. Ya duka la kawaida, lenye baraza na kaunta ya mbao, hakuna.

Katika makabati ya familia zetu, hapa na ng'ambo, yamo madaftari ya deni yaliyoandikwa kwa mwandiko wa Kigujarati wa biashara: nani alichukua kanga ngapi, nani alilipa kwa magunia ya mahindi, kijiji gani, mwaka gani wa njaa. Majina mengi katika madaftari hayo ni ya Wahehe, Wabena na Wakinga, mababu wa majirani wanaosoma jarida hili. Historia ya pesa ya wilaya nzima imo humo, na wanaoweza kuusoma mwandiko ule katika mji huu wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, tena ni wazee. Kwa hiyo kamati inaomba yeyote mwenye daftari, picha, risiti au hati ya zamani ya duka ailete mandir jioni yoyote baada ya arati. Itanakiliwa na kurudishwa kwa mwenyewe. Mzee mmoja wetu amekubali kusoma na kijana mmoja kuandika kwa Kiswahili, na nakala ya Kiswahili itapelekwa Boma, ambako mjukuu wa mteja na mjukuu wa mwenye duka wote wawili waweza kuisoma.